Zacharie Cloutier, seremala aliyesaini kwa shoka

Zacharie Cloutier, seremala wa Mortagne katika jimbo la Perche nchini Ufaransa, alizaliwa karibu mwaka 1590, nchi ikiwa bado kwenye vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 1616 alimuoa Sainte Dupont. Kuandika hakujua; palipotakiwa saini, alichora shoka. Hata hivyo wanaotafuta asili ya familia za Quebec humkuta mara kwa mara kwenye nyaraka, na aghalabu ni pale mambo ya wakubwa yalipomfikia yeye.

Mwaka 1627 Kardinali Richelieu alianzisha Kampuni ya Washirika Mia Moja ili ipeleke walowezi Kanada. Miaka miwili baadaye Waingereza waliiteka Quebec, wakairudisha kwa mkataba wa 1632. Njia ilipofunguka, tabibu Robert Giffard alipewa ardhi ya Beauport, naye akahitaji mafundi. Tarehe 14 Machi 1634 Cloutier na mwashi Jean Guyon waliingia naye mkataba, na mwaka huohuo wakavuka bahari.

Desturi za Ufaransa nazo zilivuka. Wawili hao walipewa mashamba chini ya Giffard, lakini ulipofika wakati wa kumpa heshima na kiapo cha utii kama ukabaila ulivyodai, walikataa, hata gavana Montmagny akalazimika kuwaamuru. Ugomvi huo ni hasara kwao na faida kwa mtafiti, kwani kesi huacha karatasi nyingi kuliko maisha ya amani.

Mwaka 1640 kanisa la Quebec liliungua pamoja na madaftari yake. Kumbukumbu za ubatizo, ndoa na mazishi za miaka ya mwanzo zikaandikwa upya kwa kuwauliza watu. Ndiyo maana mkataba wa ndoa ya Anne, binti wa Cloutier, na Robert Drouin, wa tarehe 27 Julai 1636, ni wa thamani: ndio wa kale kuliko yote iliyosalia Kanada. Bibi harusi alikuwa na miaka 10; ndoa yenyewe ilifungwa mwaka uliofuata.

Mwaka 1670 Cloutier aliuza shamba la Beauport. Alifariki Château-Richer mwaka 1677. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal wamehesabu wazao wake waliooa na kuolewa kufikia mwaka 1800, wakapata zaidi ya 10,000.