Nani Alipie Likizo ya Mwalimu?

Mwaka 1998, Wizara ya Elimu ya Kenya pamoja na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, zilichagua wilaya tisa za kufanyia majaribio: Kakamega, Lugari, Butere-Mumias, Kisii ya Kati, Gucha, Murang'a, Maragua, Makueni na Kajiado. Kilichokuwa kinajaribiwa hakikuwa mbegu mpya wala chanjo. Kilikuwa mafunzo ya mwalimu. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, na walimu wote waliujua kwa kifupi chake: SMASSE. Swali lake lilikuwa rahisi kuuliza. Ukimchukua mwalimu wa fizikia, kemia, biolojia au hisabati wakati wa likizo, ukamrudisha kwenye dawati kama mwanafunzi kwa siku kumi hivi, je, muhula ukifunguliwa atafundisha tofauti?

Swali hilo limerudi, safari hii likiwa limevaa nguo mpya. Leo tunaambiwa mtoto wa Kenya lazima ajue roboti, kuandika programu, printa ya 3D na mashine zinazoendeshwa na kompyuta. Vizuri. Lakini hebu tuulize kwanza: nani atamfundisha mwalimu, lini, na kwa pesa za nani? Kajiado ina historia ya kutusaidia kujibu.

Tuanze na mahali penyewe. Kajiado ni kaunti ya karibu kilomita za mraba 22,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840. Upande mmoja kuna nyika ambapo shule na shule zimetengana kwa kilomita nyingi. Upande mwingine kuna Kitengela, mji ambao ndani ya kizazi kimoja umetoka kuwa kituo cha barabarani hadi kuwa na watu zaidi ya 150,000. Ukivuka tu mpaka wa kaunti uko Athi River, kwenye viwanda vya saruji na eneo la EPZ, ambalo sheria yake ilipitishwa 1990 na ambako maelfu hushona nguo za kuuzwa ng'ambo. Wengi wa wafanyakazi hao hulala Kitengela. Kule kusini-magharibi, Magadi, kampuni imekuwa ikivuna magadi ziwani tangu 1911. Kwa hiyo viwanda si wageni hapa. Ambacho hakijawahi kuwa imara ni daraja kati ya kiwanda na darasa.

Si kwamba serikali haikujaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, nia ilikuwa mtoto atoke shuleni na ujuzi mikononi. Useremala, sanaa na ufundi, kilimo, ushonaji, sayansi kimu: vyote vikaingia shule ya msingi. Wazazi wakachanga kwa harambee, karakana zikajengwa. Kisha ikagundulika kwamba ukuta haufundishi. Shule nyingi hazikuwa na randa wala msumeno, na mwalimu aliyeambiwa afundishe useremala alikuwa amesomea kusoma na kuandika, historia na hesabu. Ufundi ukafundishwa kwa ubao: chora nyundo, taja sehemu zake. Karakana zikageuka stoo au madarasa ya ziada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya ufundi yalipunguzwa au kuondolewa shule za msingi, na wazazi waliokuwa wamechanga wakabaki na majengo.

SMASSE ilianzia upande mwingine. Haikujenga karakana. Ilianza kwa kuchunguza kinachoendelea darasani, na ilichokuta kila aliyesoma Kenya anakijua: chaki na mdomo. Mwalimu anaandika, mwanafunzi ananakili. Jaribio la maabara linasimuliwa kama hadithi ya mtu aliyeenda mbali. Sababu iliyotajwa siku zote ilikuwa ukosefu wa vifaa.

Jibu la mradi lilikuwa kumfanya mwalimu mwenyewe ashike, apime, akosee na arudie. Somo lilipaswa kujengwa juu ya nguzo nne: kazi ya vitendo, mwanafunzi kuwa katikati, majaribio, na ubunifu wa vifaa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyobadilisha mazungumzo. Kama huna bika, kata chupa ya plastiki. Kama huna kiashiria cha asidi, chemsha maua yenye rangi kali. Na katika wilaya yenye Magadi, mwalimu wa kemia hana haja ya kusubiri mzigo kutoka Nairobi ili aonyeshe kabonati inavyotoa gesi ikikutana na asidi. Magadi yako dukani, yaleyale ya kulainishia maharagwe. Siki nayo iko dukani.

Mpangilio ulikuwa wa ngazi. Wakufunzi wa kitaifa, waliokuwa kwanza katika Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya na baadaye CEMASTEA kule Karen, waliwafundisha wakufunzi wa wilaya. Wale wa wilaya, ambao wenyewe walikuwa walimu, wakawafundisha wenzao katika shule zilizoteuliwa kuwa vituo, wakati wa likizo. Awamu zilikuwa nne, na ya kwanza haikuhusu mada ngumu bali mtazamo: kwa nini mwalimu na mwanafunzi wote wameshaamini kwamba hisabati ni ya watu wachache. Baada ya 2003 mradi ukatoka wilaya zile tisa ukawa wa nchi nzima. Walimu kutoka nchi nyingine za Afrika wakaanza kuja Nairobi kujifunza.

Ndani yake kulikuwa na kanuni ndogo ambayo vijana wa roboti wanapaswa kuijua: panga, tenda, tazama, boresha. Mwalimu apange somo, alifundishe, aangalie kilichotokea, kisha alirekebishe. Kanuni hiyo ina undugu wa karibu na viwanda vya Japani. Mwaka 1950 mtakwimu Mmarekani, W. Edwards Deming, aliwafundisha wahandisi na mameneja wa Japani namna ya kudhibiti ubora kwa takwimu. Fikra ya kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha bila kuchoka ikawa desturi ya viwanda vyao. Shule za Japani nazo zilikuwa na mila yao ya muda mrefu: walimu kuandaa somo pamoja, mmoja kulifundisha wengine wakitazama, kisha wote kukaa chini na kulichambua. Yaani mwalimu ni mtafiti, na darasa lake ndilo maabara. CEMASTEA baadaye iliichukua mila hiyo pia.

Sasa chukua kigari cha roboti kinachofuata mstari mweusi sakafuni. Kihisi kinasoma mwanga, programu inaamua, mota zinageuka, kihisi kinasoma tena. Kikitoka njiani, unarudi kwenye programu. Ni mzunguko uleule. Mwalimu aliyewahi kuuishi mzunguko huo darasani kwake ameshashika nusu ya roboti kabla ya kununua waya. Ambaye hajawahi, ukimpa kisanduku cha vifaa vya laki moja atakifungia kabatini, na hatukosi mifano.

Lakini SMASSE ilijikwaa, na ilipojikwaa ndipo penye somo letu. Kwanza, ngazi zinapunguza utamu. Ni kama chai inayoongezwa maji kila mgeni anapoingia: wa mwisho anakunywa kitu cha moto, lakini si chai ile. Pili, muhula ulikuwa bado ni wa mtihani. Mwalimu alirudi na mbinu mpya akakuta silabasi ni ileile, darasa limejaa, na mkuu wa shule anataka alama. Alama za hisabati katika KCSE kitaifa ziliendelea kuwa chini hata baada ya mradi kusambaa. Tatu, na hili ndilo lililokera vyumba vya walimu: likizo ni ya nani? Walimu waliitwa siku ambazo wengine walikuwa wanalima, wanasoma digrii, au wanakaa na watoto wao. Wakauliza marupurupu yako wapi, na cheti hiki kinanipandisha daraja gani. Wakaitwa wavivu. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wanauliza kama kujifunza ni kazi au ni hisani.

Hatukuwajibu vizuri, tukasonga mbele na vifaa. Ahadi ya 2013 ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ikageuka tabiti, zikaanza kusambazwa 2016, na hatimaye zikapita milioni moja. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikaidhinisha maudhui ya kufundisha uandishi wa programu za kompyuta. Januari 2023 sekondari msingi ikafunguliwa, na ndani yake somo la maandalizi ya ufundi. Walimu waliosomea masomo mawili wakajikuta wakibeba matano au sita. Mwalimu wa Kiswahili na dini akapewa somo la vifaa na michoro, kama yule wa 1985 alivyopewa useremala. Wengi walikuwa kwa mkataba wa mafunzo kazini, na 2024 waligoma wakidai kuajiriwa kikamilifu. Ni vigumu kumwambia mtu kama huyo aje kwenye semina ya roboti mwezi wa Agosti kwa nauli yake.

Linganisha na Marekani. Huko, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wakfu wa Taifa wa Sayansi, NSF, umekuwa ukigharamia walimu wa shule kukaa wiki kadhaa za kiangazi katika maabara za vyuo vikuu: roboti, utengenezaji wa kisasa, nishati. Hawaendi kusikiliza mihadhara tu. Wanafanya utafiti na wahandisi, kisha wanarudi shuleni na somo walilolitunga wenyewe. Na wanalipwa. Hiyo kazi ya kiangazi inahesabiwa kuwa kazi.

Je, Kitengela inaweza? Mashine hazina haja ya kuagizwa kwa mbwembwe. Tembea barabara ya Namanga uangalie mageti ya chuma yenye maua na majina ya familia. Mengi hayakukatwa kwa mkono. Ni mashine ya CNC inayofuata mchoro wa kompyuta, na fundi anayeiendesha anajua pembe, vipimo na programu kuliko wengi wenye shahada. Mwalimu wa hisabati akikaa naye wiki mbili, akauliza kwa nini kona ile iliungua na mstari ule ukapinda, atarudi na masomo ya muhula mzima. Bodi ndogo za kudhibiti mota zinauzwa Nairobi kwa bei ambayo shule ikijipanga inaimudu. Kinachokosekana ni barua rasmi inayosema wiki hizo mbili ni kazi, mwalimu alipwe, fundi alipwe, na zihesabiwe wakati wa kupandishwa daraja.

Wilaya tisa za 1998 zilionyesha kwamba mwalimu wa Kajiado, akipewa nafasi, hageuki kuwa mtu wa kusubiri vifaa. Deni lililobaki tangu wakati ule ni la siku zake za likizo. Kabla kaunti au wizara haijakata utepe wa maabara nyingine ya roboti, ifungue kwanza bajeti yake itafute mstari huo. Kama haumo, basi tunajenga stoo.