Punguza nyama, rudisha mbaazi mezani

Ng'ombe anapocheua hutoa methani, gesi ambayo katika miaka 20 hunasa joto zaidi ya mara 80 kushinda hewa ya ukaa. Mwaka 2013, shirika la FAO lilikadiria kuwa mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto kutokana na shughuli za binadamu.

Simlaumu mfugaji wa Tana River. Ukame umemmalizia mifugo, na mchango wake katika joto hili ni mdogo. Nasema na sisi wa mjini tunaokula nyama kila siku. Nyumbani kwangu, siku nne kwa wiki tunakula mbaazi za nazi, kunde au maharagwe. Pilau ya nyama tunaisubiri Ijumaa. Mbaazi hustahimili ukame na kurutubisha udongo, na hapa Pwani hazihitaji kutambulishwa kwa mtu.