Gari Isiyo na Paa Inataka Uwe na Paa Lingine

Wasee, mwezi uliopita nilikuwa karibu sana kununua gari ya kufunua paa. Sio ile karibu ya kuangalia picha kwa simu saa nane usiku. Karibu ya ukweli: laki saba kasoro kidogo kwa akaunti, na mwenye gari ananipigia kila asubuhi kuuliza nimefika wapi.

Hiyo pesa ni ya miaka miwili ya video. Ni hiyo hiyo pesa ambayo mathe anaamini itanirudisha chuo, niliachia mwaka wa pili. Sijawahi kumwambia hapana. Ndiyo pia sijamwambia. Kwa hivyo nilikuwa naenda kuona gari kama mtu anayeenda kuiba.

Gari yenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 1999. Viti viwili, gia za mkono, paa la turubai jeusi, namba za KAZ. Bei laki sita na nusu. Na kabla sijaenda, nilifanya kile nafanyaga nikiogopa: nilikaa chini nikasoma historia.

Sisi tukiona gari imefunuliwa paa hapo Westlands tunasema huyo ameomoka. Lakini gari zilianza bila paa. Ile ya Karl Benz ya 1886 haikuwa na hata kivuli. Ford Model T ilipotoka 1908, nyingi zilizouzwa zilikuwa za wazi, na turubai la kukunja juu. Na sababu haikuwa raha. Ilikuwa bei. Kufunga gari kulitaka mbao, vioo na mafundi wengi, na uzito ulikuwa unapanda. Tajiri alinunua paa. Mkulima na karani walinunua upepo, mvua ikija wanavuta turubai na kufunga mapazia pembeni.

Mwaka 1919, kati ya gari kumi mpya Marekani, kama moja tu ndiyo ilikuwa imefungwa paa gumu. Kufika 1927 ilikuwa zaidi ya nane kwa kumi. Miaka minane tu! Waliosukuma sana hiyo mabadiliko ni kampuni ya Hudson na gari yao ya Essex Coach. Haikuwa na urembo, ilikuwa kama sanduku lenye milango miwili. Lakini kufika 1925 walikuwa wanaiuza kwa bei ya chini kuliko Essex ya wazi. Sasa kama paa gumu ni rahisi kuliko turubai, nani tena atanyeshewa kwa lazima?

Hapo ndipo maana iligeuka, na hapo ndipo nataka ukae kidogo. Gari ya wazi iliacha kuwa ya mtu asiyeweza kununua paa. Ikawa ya mtu anayeweza kuishi bila paa. Hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza ndio walitawala hii biashara na vigari vyao vidogo vya wazi: MG, Triumph, Lotus. MGB peke yake ilitengenezwa kutoka 1962 hadi 1980, na zilipita laki tano. Wamarekani wao walipenda kubwa kama kitanda cha sita kwa sita. Lakini miaka ya sabini gari za kuwekwa ubaridi ndani zikazoeleka, halafu watengenezaji wakaogopa kuwa serikali italeta sheria kali za gari ikibingirika. Cadillac ikatangaza Eldorado ya 1976 kuwa gari ya mwisho ya Marekani ya kufunua paa. Watu wakakimbilia, wengine wakaziweka kama akiba. Halafu 1982 Chrysler ikatoa yake, na 1984 Cadillac wenyewe wakarudi na Eldorado ya wazi. Waliokuwa wamenunua ile "ya mwisho" wakaenda kortini. Funzo la bure: ukiambiwa gari ni ya mwisho, uliza ni ya mwisho kwa nani.

Na 1989, kwa maonyesho ya magari ya Chicago, Mazda wakaleta MX-5. Wazo lilikuwa kuchukua utamu wa vile vigari vya Uingereza na kutoa usumbufu. Nyepesi, chini ya tani moja. Injini ya lita 1.6. Paa unafungua vifungo viwili, unafungua zipu ya dirisha la plastiki, unalisukuma nyuma kwa mkono. Hakuna mota ya kuharibika. Haikuwa gari ya bilionea. Kufika 2016 walikuwa wametengeneza milioni moja. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa jaribio la kurudisha gari ya wazi kwa watu wa kawaida, na lilifaulu.

Sasa tukuje kwetu. Kenya, gari ikipitisha miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, haiingii. Kwa hivyo MX-5 unayoweza kuagiza leo ni ya kizazi cha nne, kilichoanza 2015. Zile za zamani, zile sisi wasee wa mfuko mwembamba tunaweza kufikiria, ni zile zilikuja kitambo na zimekuwa zikipitishwa mkono kwa mkono. Kwa hivyo hauchagui gari. Unachagua ni mtu gani aliitunza.

Nilienda na anko wangu, fundi wa kushona viti vya gari huko Kariobangi. Mimi nilibeba simu ya kupiga picha. Yeye alibeba mtungi wa maji wa lita ishirini.

Mwenye gari alicheka. "Mzee, unataka kuiosha?"

"Nataka kuipa mvua," anko akasema. "Hizi huuzwa wakati wa jua."

Akamwaga polepole, juu ya turubai, pale kitambaa kinakutana na mwili wa gari. MX-5 haijaribu kuzuia maji yote hapo nyuma. Inayapokea kwa mfereji, yanashuka kwa mashimo mawili nyuma ya viti, yanatokea chini ya gari. Sisi tulingoja yatokee. Hayakutokea. Anko akaniambia nishike zulia nyuma ya kiti. Lilikuwa limelowa kama sponji. Akaingiza waya kwa shimo, akavuta tope na maua ya jakaranda yaliyooza. Miaka ya jakaranda za Nairobi ilikuwa imekaa humo ndani. Halafu akabonyeza ubavu wa chini, mbele tu ya gurudumu la nyuma, kidole kikaingia. Kutu. Rangi ndiyo ilikuwa imeshikilia.

Paa jipya na kazi yake, elfu tisini. Kukata kutu na kuchomelea, elfu sitini. Mwenye gari akashuka mpaka laki tano na nusu. Nilipiga hesabu kwa kichwa: laki saba kamili. Nilikuwa nimepungukiwa na kitu kidogo tu, na wewe unajua vile mtu huwa mbaya akipungukiwa na kitu kidogo. Nilikuwa tayari kukopa kwa simu.

Anko hakunikataza. Aliniuliza swali moja: "Unaishi wapi tena?"

Zimmerman. Bedsita, ghorofa ya nne. Pakingi ni uwanja wa changarawe, hakuna hata bati moja. Jua linapiga turubai mchana kutwa, mvua inaanguka usiku, na mtu mwenye wembe hahitaji kuvunja kioo.

Ndio nikaelewa kile nilikuwa nimesoma. 1919, gari ya wazi ilikuwa ya mtu asiye na pesa ya paa. Leo, hata ikiwa mtumba, hata ikiwa laki tano na nusu, inataka uwe na paa lingine la kuiweka chini yake. Mimi hata lile la kulala nalipia kwa mwezi.

Sisemi usinunue. Kama una pakingi ya mabati na fundi unayemwamini, nunua, tena unipitie. Nasema beba mtungi wa maji, shika zulia, na usiende peke yako.

Mwenye gari bado ananipigia. Pesa bado iko. Jumapili naenda nyumbani, na nitamwambia mathe ziko ngapi na nilitaka kuzifanyia nini. Sijui atasema nini. Lakini nimechoka kumwacha akiamini kitu ambacho mimi mwenyewe sijaamua.