Feni ya Injini na Njia za Mchanga: Ufundi wa Magari katika Pwani ya Mtwara

Historia ya ufundi wa magari katika pwani ya Mtwara haitenganishwi na historia ya njia zake. Mpango wa kilimo cha karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulizaa bandari ya kina kirefu mjini Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, lakini reli hiyo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo mazao, hasa korosho, yakategemea malori yaliyopita katika mchanga na tope. Katika mchanga gari huenda polepole huku injini ikikazana, upepo wa mwendo huwa hafifu, na kazi ya kupoza rejeta, yaani chombo chenye mirija myembamba ambamo maji ya moto ya injini hupita ili yapoe, huiangukia feni.

Katika malori ya zama hizo feni ilizungushwa na mkanda mmoja pamoja na pampu ya maji na, kwa kawaida, dainamo, kwa hiyo fundi aliitambua hitilafu kwa masikio na vidole: mkanda uliolia dereva alipokanyaga mafuta ulikuwa unateleza, uliobonyea mno chini ya kidole gumba, injini ikiwa imezimwa, ulikuwa umelegea, na gari lililochemsha huku taa ya chaji ikiwaka lilielekea kuwa limekata mkanda.

Biashara ilipolegezwa masharti kuanzia miaka ya 1980, yaliongezeka magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo mengi, hasa madogo, yana feni ya mota ya umeme inayowashwa na swichi ya joto. Hapo uchunguzi ulihamia kwenye nyaya: fundi hukagua fyuzi na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, kisha huipa mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri; ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko kwenye swichi au viungio, ambavyo hewa ya chumvi ya pwani huviotesha kutu ya kijani.

Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Mto Rufiji, kwenye njia ya kuelekea Mtwara kutoka kaskazini, na lami iliyofuata, vilileta fumbo jipya, kwa kuwa gari likikimbia upepo hutosha kulipoza, hata lenye feni iliyokufa likafika Mtwara salama, kisha likachemsha kwenye mchanga wa Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma. Ndiyo maana swali linalotangulia kufungua boneti ni kama gari huchemsha likisimama au likikimbia: jibu la kwanza huelekeza kwenye feni, la pili kwenye upungufu wa maji, themostati (vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta) au rejeta iliyoziba.