Viatu Vimeingia?

Katika miaka ya 1740 Canaletto, mchoraji wa Venice, alichora daraja la Rialto ambalo halijawahi kujengwa. Ulikuwa mchoro wa msanifu Palladio, uliobaki kwenye karatasi tangu karne ya 16. Canaletto akaliweka juu ya Mfereji Mkuu kana kwamba watu hulivuka kila siku. Huko Doha, katika mtaa wa Qanat Quartier ulioko The Pearl, liko daraja jingine lenye sura ya Rialto, juu ya mfereji wa maji ya bahari, katika kisiwa kilichotengenezwa kwa kujaza bahari. Nyumba za kando zimepakwa rangi za waridi, embe bivu, samawati na krimu. Wapo wanaolicheka daraja hilo wakisema ni Venice ya maigizo. Lakini Venice ilianza kujiigiza yenyewe kwenye turubai, karne mbili na nusu kabla ya wajenzi wa Qatar.

Siku za ofu daraja hilo hupata wageni wasiokaa mtaani humo: Wakenya, Waganda na Watanzania wanaolinda malango ya majengo, wanaoendesha magari na wanaohudumu hotelini. Mmoja husimama, mwenziwe hurudi nyuma na simu.

“Viatu vimeingia?”

“Vimeingia, kaka. Nyoosha shati.”

“Na daraja?”

“Lote.”

Picha inayotoka hapo inajulikana: mtu yuko katikati, mwili mzima, miguu imekanyaga imara, macho kwenye lenzi. Kwa mwongozo wowote wa upigaji picha, hayo ni makosa matatu kwa mpigo. Mwongozo husema ugawe fremu kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, kisha umweke mtu kwenye mstari mmojawapo, pembeni kidogo, awe anatazama upande ulio wazi. Hiyo ndiyo kanuni ya theluthi. Simu nyingi zinaweza kukuchorea mistari hiyo kwenye kioo. Aliyeipa jina, Mwingereza John Thomas Smith, aliandika mwaka 1797 kuhusu michoro ya mandhari ya mashambani: anga ichukue kiasi gani, ardhi kiasi gani, mwanga na kiza vigawane vipi. Hakuwa na habari za mtu mwenye shati jipya anayetaka mama yake amwone.

Picha ya namna hiyo ina ukoo wake, nao ni wa kwetu. Unguja ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, fundi wa kukata na kuunganisha picha hadi mteja akaonekana mahali ambapo hajafika. Miaka ya 1990 karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha waliweka vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majengo ya miji ya mbali, wakazungushia karatasi za kumeta na maua ya plastiki. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Picha ilikwenda nyumbani ikiwa na ujumbe: nimefika, nimevaa, sijaugua.

Kwa picha ya ujumbe huo kila kitu kina sababu. Viatu lazima vionekane kwa sababu vimenunuliwa. Mikono lazima ionekane kwa sababu ni mizima. Kumsogeza mtu pembeni ili kuipa nafasi anga tupu ni kumpunguzia heshima. Nadhani pia jicho la pwani limelelewa na kanga: pindo kuzunguka pande nne, mji katikati, jina chini yake. Huko katikati ndipo vitu vinapowekwa vionekane, wala hakuna anayeona kwamba mpangilio huo umekosa ubunifu.

Kwa hiyo Qanat Quartier inawakutanisha ndugu wawili wasiojuana. Canaletto na mchoraji wa pazia la Likoni wote waliupanga mji upya ili upendeze. Wanachotofautiana ni ukubwa wa mtu. Kwa Canaletto mtu ni doa la rangi linalokuonyesha ukubwa wa jumba. Likoni jumba lipo kwa ajili ya mtu.

Picha nyingi za The Pearl huharibika pale mpigaji anapotaka yote mawili bila kuchagua. Anataka boti nzima ya kifahari pale kwenye gati la Porto Arabia, na mnara ulio nyuma yake, na kaka yake pia. Anarudi nyuma, anarudi tena, mpaka kaka anabaki kama mchwa kwenye ukuta. Hiyo si Canaletto, maana mpangilio wa majengo haukufikiriwa. Wala si Likoni, maana uso hautambuliki. Tiba yake mafundi wa vibanda waliijua: pazia halisogei, mtu ndiye husogea. Mlete karibu na simu, hatua tatu au nne, daraja libaki mbali nyuma yake. Lenzi ya simu ni pana, daraja litaingia lote bila kuombwa. Kisha shusha simu mpaka usawa wa kiuno. Ukiishika usawa wa macho na kuiinamisha, miguu hufupishwa, na viatu vilivyogharimu fedha vinakuwa vya mtoto. Jambo la mwisho ni kuangalia kichwa. Ukingo wa daraja ukipita nyuma ya sikio, mtu ataonekana amevaa pembe. Hatua moja kulia inatosha.

Kwenye rangi ugomvi ni mwingine. Kwa muda mrefu wakubwa wa sanaa ya picha Ulaya na Marekani waliamini kwamba picha ya maana ni nyeusi na nyeupe, na rangi ni ya matangazo na harusi. William Eggleston alipoonyesha picha zake za rangi katika jumba la sanaa la MoMA, New York, mwaka 1976, wakosoaji walimshukia. Raghubir Singh wa India aliandika kwamba Mhindi huiona dunia kwa rangi tangu zamani, na kwamba kumwondolea rangi ni kumvisha macho ya mwingine. Mimi niko upande wa Singh, na pwani yetu ingemuunga mkono bila mjadala. Ila Qanat Quartier ina mtego wake. Rangi zake ni hafifu, zimechanganywa na nyeupe, na vumbi la Ghuba huipausha anga. Anayeona picha imepooza hukimbilia kichujio cha kukoleza, na hapo ukuta wa waridi unageuka pipi na ngozi inakuwa ya machungwa. Afadhali rangi kali aibebe mtu mwenyewe. Dera jekundu mbele ya ukuta wa krimu halihitaji kichujio chochote.

Ngozi nyeusi ni suala zito zaidi, kwa kuwa vifaa vyenyewe vina historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikatoka kiza kitupu. Mtengeneza sinema Jean-Luc Godard, alipofanya kazi Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, aliikataa filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Ni mwaka 2021 tu Google ilipoitangaza Real Tone, mfumo wa simu zake wa kuitendea haki ngozi ya kila rangi. Hata bila ubaguzi, hesabu ya kamera inatuumiza: hupima mwanga wa fremu nzima na kuuvuta kuelekea kijivu cha wastani. Ikizungukwa na boti nyeupe na kuta nyeupe, hutia kiza kila kitu, na uso ndio unaopotea wa kwanza. Gusa uso kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua juu. Anga itapauka, na ipauke. Mafundi wa studio waliwasha taa kwa ajili ya uso kwanza. Pazia lilipata kilichobaki.

Liko pia suala la adabu. Watu wa Canaletto ni mapambo, hakuna aliyewauliza. Pwani na Ghuba zinakubaliana kwamba mke wa mtu si pambo la picha yako. Familia ikipita darajani, ngoja ipite.

Mwongozo pia husisitiza mwanga wa dhahabu, ule wa kabla ya jua kuzama. Ushauri ni mzuri: Juni saa sita mchana jua la Doha liko karibu utosini, macho yanageuka mashimo. Lakini Desemba jua huzama yapata saa kumi na moja kasoro robo, na kwenye ulinzi zamu yenye urefu wa saa 12 ni jambo la kawaida. Mwanga wa dhahabu ni wa mwenye nafasi. Ndiyo maana picha nyingi za watu wetu ni za usiku, na si kwa kukosa ujuzi. Usiku taa huzikoza zile kuta hafifu kuliko kichujio chochote, mradi usiwashe mwako wa simu, unaoubandika uso kama stempu. Mweke mtu mbele ya kioo cha duka lenye taa, mfereji ukiwa nyuma yake, naye atulie, kwa sababu usiku simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja na kila mtikisiko huonekana. Na awe katikati. Huko Kisumu au Tanga picha hiyo itakuwa ya wasifu wa WhatsApp, ambayo hukatwa duara, na aliyewekwa kwenye theluthi atakatwa sikio.