Wanafunzi Mbele ya Wazee: Utafiti wa Vita vya Maji Maji wa Mwaka 1968

Utangulizi

Swali la uhusiano kati ya chuo kikuu na jamii inayokilisha si geni barani Afrika. Mara nyingi limejibiwa kwa maazimio na hotuba. Mara chache limejibiwa kwa kazi. Mojawapo ya kazi hizo ni utafiti uliofanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, walipokwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika tangu 1905 hadi 1907. Makala hii inaeleza mazingira ya utafiti huo, mafunzo waliyoyapata wanafunzi, na deni lililobaki baada ya kazi kumalizika.

1. Mlima na bonde

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria. Baadaye kilihamia kilimani, nje ya mji, na tangu hapo watu wakakiita Mlimani. Jina hilo lilibeba pia lawama: kwamba wasomi wameketi juu na wananchi wamebaki chini. Lawama hiyo ilidhihirika tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Julius Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300 kati yao. Mwaka uliofuata lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi Machi 1967 ikatolewa hati ya Elimu ya Kujitegemea, iliyokosoa elimu inayomtenga kijana na wakulima waliomsomesha.

Haifai kudai kwamba utafiti wa Maji Maji ulizaliwa na matukio hayo peke yake. Idara ya historia, iliyoongozwa na Terence Ranger tangu miaka ya kwanza, ilikuwa na hoja yake ya kitaalamu: historia ya Afrika haiwezi kuandikwa kwa nyaraka za watawala tu. Hoja hiyo ilikuwa na mizizi nchini Kongo. Jan Vansina alianza utafiti wake kwa Wakuba wa Kasai mwaka 1953, na kitabu chake cha mwaka 1961 kiliyapa mapokeo ya mdomo hadhi ya ushahidi unaoweza kupimwa. Hata hivyo, wakati ulichangia. Hoja ya wataalamu na madai ya taifa vilikutana njia moja: mwanafunzi ashuke mlima.

2. Kwa nini wazee

Kwa muda mrefu, vita hivyo vilijulikana zaidi kupitia maandishi ya Wajerumani, hasa kitabu alichokitoa Gustav Adolf von Götzen mwaka 1909. Msomaji wa Kongo analijua jina hilo kwa njia nyingine: mwaka 1894 Götzen alivuka Rwanda, akafika Ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akashuka hadi upande wa Atlantiki. Mwaka 1905 alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika maelezo ya aina yake, vita vilionekana kuwa kazi ya waganga waliowadanganya watu kwa ushirikina.

Walioweza kujibu walikuwa hai, lakini si kwa muda mrefu. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Gilbert Gwassa, mtafiti Mtanzania, alikuwa ametangulia kuwahoji wazee wa Umatumbi, na mwaka 1968 yeye na John Iliffe walitoa mkusanyo wa kumbukumbu hizo. Kazi ya wanafunzi ilipanua uwanja hadi wilaya nyingine zilizoguswa na vita. Makala zao zilikusanywa mwaka 1969, na utafiti wa O. B. Mapunda na G. P. Mpangara juu ya Ungoni ukatolewa kuwa kitabu mwaka huohuo.

3. Yaliyofundishwa vijijini

Jambo la kwanza ni sababu ya vita. Wazee walizungumzia mashamba ya pamba yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, kazi ya kulazimishwa, kodi na kiboko. Dawa ya maji iliyotolewa na Kinjikitile huko Ngarambe haikuwa ndiyo iliyoleta chuki. Iliwapa ujasiri na umoja watu ambao tayari walikuwa na uchungu. Habari yake ilienea kwa kunong'onezana, na mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Umatumbi.

Jambo la pili ni tofauti za mahali na mahali. Ungoni, dawa ilifika kutoka nje na kukuta utawala wenye manduna na majeshi yake. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kwingineko, Wahehe na mtawala Kiwanga wa Kilombero walisimama upande wa Wajerumani. Mwanafunzi aliyetoka Mlimani akitafuta taifa moja lililoinuka pamoja alirudi na hadithi nyingi zisizolingana.

Jambo la tatu ni uzito wa maafa. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi walikufa kwa njaa baada ya majeshi kuchoma vijiji na kuharibu chakula. Tofauti ya makadirio hayo inaonyesha kwa nini hesabu ya mtawala haiwezi kuachwa peke yake.

Zaidi ya yote, nafasi ya mwalimu ilibadilika. Mzee asiyejua kusoma ndiye aliyekuwa na maarifa, na msomi ndiye aliyeuliza. Maarifa hayo hayakutolewa kwa maswali ya haraka kama ya karani wa kodi, maana mtu aliyeteswa na karani hukumbuka namna ile ya kuuliza.

4. Deni

Utafiti huo una kasoro zake. Maswali yalielekezwa zaidi kwenye uongozi, dawa na mapigano, mambo ya wanaume. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri, akichunguza Uzaramo, alionyesha jinsi njaa, nguruwe pori na mivutano kati ya wanawake na wanaume vilivyochangia kuzuka kwa vita. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walihariri kitabu kilichoipitia upya historia yote hiyo. Lakini warekebishaji hao wameendelea kuzitumia karatasi za wanafunzi wa 1968, kwa sababu wasimulizi wale hawapo tena.

Kasoro nyingine ni ya lugha. Vitabu vilivyotokana na kazi hiyo vilitolewa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wasimulizi hawakuijua. Aliyeyarudisha mambo haya kwa Kiswahili ni mtunzi wa tamthilia: *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ilitolewa mwaka 1969 na kusomwa katika shule nyingi. Hata hivyo, mhusika wake ni wa kubuni, na tamthilia haichukui nafasi ya ushahidi.

Lubumbashi inatoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 1965 André Yav alikusanya kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani, bila kusubiri mtafiti yeyote. Maandishi hayo yalipotolewa na Johannes Fabian mwaka 1990, maneno ya Kiswahili yalichapwa pamoja na tafsiri. Hapo msimulizi anaweza kusikika na hata kumpinga mfasiri wake.

Hitimisho

Utafiti wa 1968 ulithibitisha kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza, akiongozwa vizuri, anaweza kutoa kazi inayodumu kuliko mtihani wake, na kwamba kijiji kinaweza kumsahihisha profesa. Ulionyesha pia kwamba kushuka mlima ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kurudisha: masimulizi yahifadhiwe katika lugha yaliyosemwa, jina la msimulizi liandikwe kwa ridhaa yake, na nakala ibaki pale yalipotoka. Kwa idara za Kiswahili za Kongo, ambako wanafunzi wengi huandika tasnifu zao kwa kuwahoji wazazi na majirani, sharti hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji kuwekwa miongoni mwa kanuni za tasnifu kabla ya mwanafunzi kuondoka chuoni kwenda kuuliza.