RNA ndogo za kipindupindu
Vipande vifupi vya RNA visivyotengeneza protini, lakini huchangia kuamua lini bakteria Vibrio cholerae ashambulie. Ndiye aliyesababisha mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015. Bakteria wakiwa wachache utumboni, RNA nne ziitwazo Qrr hushirikiana na protini Hfq kuharibu ujumbe wa kutengeneza HapR, protini inayozuia ukali wao. Hivyo sumu huanza kuzalishwa. Wakijazana, Qrr hupungua, HapR huongezeka, sumu husita, nao hujibandua ukutani mwa utumbo watoke kwa kuhara: ujanja wa kutisha, kwani hapo ndipo maji machafu huwapokea. Maabara ya Bonnie Bassler, Princeton, iliuchambua utaratibu huu mwaka 2004.